Maswali na majibu ya wenye nyumba Dodoma: LUKU ya pamoja, ukarabati na mpangaji asiyelipa

Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, watu wengi wamejenga vyumba vya kupangisha kwa akiba, mkopo au kiinua mgongo. Kujenga walikuwa na fundi. Kuendesha nyumba yenye wapangaji hawakuwa na wa kuwaelekeza. Maswali haya saba yametoka kwa wasomaji wa mitaa mbalimbali ya jiji, nasi tumeyafupisha. Bei za mafundi na vifaa hatuzitaji kwa kuwa hazikai mahali pamoja.

Nina wapangaji watano wanaochangia LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Kila wiki ni ugomvi: mmoja ana friji, mwingine anapiga pasi nguo za mteja, wengine wana taa tu. Nigawanyeje? (Mama mwenye nyumba, Nkuhungu)

Mama, ugomvi huo una haki yake, maana hapo kuna watu wanaolipia umeme wa wenzao. Na kuna hasara nyingine ambayo wote watano hawaioni.

TANESCO, shirika la umeme, ina daraja la D1 kwa ajili ya matumizi madogo ya nyumbani: uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, na zinazozidi hapo ni shilingi 350. Daraja la kawaida, T1, ni shilingi 292 kwa kila uniti. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Kwa hiyo uniti ya D1 inamfikia mtu kwa shilingi 122, na ya T1 kwa shilingi 356. Mita moja inayobeba kaya tano haiwezi kubaki D1. Tuseme kila kaya inatumia uniti 42 kwa mwezi, jumla 210. Kwenye mita ya pamoja kila mmoja analipa karibu 14,960. Angekuwa na mita yake iliyo D1, angelipa 5,124. Tofauti ni zaidi ya shilingi 9,800 kila mwezi kwa mtu ambaye pengine kodi yake ni 50,000.

Kwa hiyo dawa ya kweli ni kila mpangaji awe na mita yake ya TANESCO. Nenda ofisini kwao na michoro ya nyaya iliyogongwa muhuri na fundi mwenye leseni, na mita zikishafungwa omba daraja la D1 kwa wanaostahili. Usisubiri lije lenyewe.

Kama fedha hazijatosha, funga submita, yaani mita ndogo za ndani zinazopima baada ya LUKU, moja kwa kila mpangaji na moja ya taa za nje na pampu ya maji. Kabla fundi hajaondoka, zima swichi ya mpangaji mmoja kwenye boksi kuu, kisha pita ujaribu soketi zote za chumba chake. Soketi ikiwaka, ujue waya umeunganishwa na wa jirani, na hesabu zako zote zitakuwa za uongo. Soma submita zote siku moja, tarehe 1 ya mwezi, piga picha na andika kwenye daftari ambalo kila mpangaji anaweza kulifungua.

Hesabu yake: uniti za mpangaji, gawanya kwa jumla ya uniti za submita zote, zidisha kwa fedha iliyonunua LUKU mwezi huo. Mwezi umetumia shilingi 75,000, submita zote zimesoma 205, za mwenye friji zimesoma 80: anadaiwa 29,268. Za taa za nje na pampu mnagawana sawa. Jumla ya submita itapungua kidogo ukilinganisha na LUKU, hilo ni kawaida. Ikipungua kwa zaidi ya asilimia 5, mwite fundi akague kama kuna waya uliochepushwa kabla ya submita.

Wakati mnasubiri submita, msigawane kwa vichwa. Maji ndiyo hugawanywa kwa vichwa. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima ni uniti moja. Friji ndogo hula kati ya uniti 1 na 1.5 kwa siku, yaani 30 hadi 45 kwa mwezi. Hita ya kuogea ya wati 5,000 inakula karibu uniti 0.8 kwa dakika kumi tu. Kaeni kikao, orodhesheni vifaa vya kila chumba, pangeni mchango kwa orodha hiyo. Na tafadhali, usiweke faida yako juu ya umeme. Faida yako iko kwenye kodi.

Mpangaji anadai nimrudishie shilingi 1,500 inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi. Mimi namwambia umeme anatumia yeye. Nani yuko sahihi? (Area C)

Mpangaji. Makato hayo si ya umeme. Ni kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakusanywa kupitia LUKU, na kisheria inamhusu mwenye jengo. Nyumba ya kawaida ni shilingi 18,000 kwa mwaka, ndiyo hiyo 1,500 ya kila mwezi. Ghorofa mjini ni 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu, yaani 7,500 kwa mwezi. Mpunguzie 18,000 anapolipa kodi ya chumba ya mwaka, au 9,000 akilipa ya miezi sita, na uandike kwenye risiti.

Mambo mawili ya kuangalia. Chumba kikikaa miezi mitatu bila mtu, deni la miezi hiyo linakatwa lote siku umeme utakaponunuliwa. Nunua umeme kidogo mwenyewe ulimalize kabla mpangaji mpya hajaingia. Na kama jengo moja lina mita tano, makato yanaweza kufanyika kwenye kila mita, ukajikuta unalipa 90,000 badala ya 18,000. Chukua namba za mita zote, nenda TRA (Mamlaka ya Mapato), ili makato yabaki kwenye mita moja.

Hii usiichanganye na kodi ya pango la ardhi ya kiwanja chako. Hiyo ni nyingine, unailipa mwenyewe kila mwaka.

Nina vyumba vinne vya masta (choo na bafu ndani), kila kimoja 150,000. Ukiniuliza fedha inakwenda wapi siwezi kusema. Kila mwezi fundi. Natakiwa kutenga kiasi gani? (Ilazo)

Kwenye karatasi unaingiza 7,200,000 kwa mwaka. Ondoa kwanza mwezi mmoja kwa kila chumba, kwa ajili ya kipindi cha kukaa wazi kati ya mpangaji na mpangaji: 600,000. Kisha tenga asilimia 10 ya ukarabati, yaani 720,000, kama nyumba haijafika miaka kumi. Ikishapita hapo tenga 15, yaani 1,080,000. Ongeza kodi ya jengo, pango la ardhi, taka, mlinzi kama yupo. Kinachobaki ndicho chako.

Ugumu unaanzia kwenye malipo ya miezi sita kwa mkupuo. Mpangaji anakupa 900,000 Januari, inaonekana ni fedha nyingi, inakwenda ada na shamba. Machi bomba linapasuka na hakuna kitu. Siku kodi inapoingia, asilimia 10 au 15 ihamie hapohapo kwenye akaunti nyingine au laini nyingine ya simu. Inayobaki igawe kwa sita na ule sehemu moja kwa mwezi.

Sasa hao mafundi wa kila mwezi. Kwa Dodoma wengi huitwa na sababu nne, na zote zina kinga.

Maji yetu ya visima yana madini mengi. Chokaa yake hujikusanya kwenye floti ya tangi la choo, ikashindwa kufunga, maji yakavuja kimya usiku na mchana. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usiflashi kwa nusu saa. Ikionekana bakulini, choo kinavuja. Kwa nyumba nzima, funga koki zote usiku, soma mita ya DUWASA (mamlaka ya maji ya Dodoma), isome tena alfajiri kabla mtu hajatumia maji. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na ndoo hamsini za lita 20, na choo kimoja kibovu kinaweza kumaliza hizo ndani ya siku chache. Floti na vichwa vya bafu viloweke kwenye siki usiku kucha mara mbili kwa mwaka. Hita za kuogea ndizo huteseka zaidi na maji haya, kwa hiyo mkataba useme nani anabadilisha koili ikiungua.

Mchwa nao. Kukwangua njia zao za udongo ukutani hakusaidii, kwa sababu kiota kiko ardhini na kesho wanapita pengine. Dawa ya mchwa inamwagwa kwenye mfereji mdogo unaozunguka msingi, ardhi ikiwa kavu, na fremu za milango zinatobolewa na kudungwa. Kuni na mbao zisiegemezwe ukutani.

Paa likaguliwe Oktoba, kabla ya mvua. Jua la hapa hukausha kofia za mpira za misumari ya bati zikapasuka, na upepo wa kiangazi hulegeza misumari yenyewe. Msumari uliolegea usiugongee palepale, tundu limeshapanuka. Weka skrubu ya bati yenye washa ya mpira, nene kuliko msumari ule.

Nyufa ndizo huogopesha zaidi. Sehemu kadhaa za jiji zina udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na msingi hupanda na kushuka nao. Kuziba ufa kwa plasta peke yake ni kupoteza saruji. Zuia maji yasifike kwenye msingi: gata kwenye paa, na sakafu ya zege yenye upana wa mita moja kuzunguka nyumba, iliyoinamia nje. Weka alama ya penseli kwenye ncha za ufa na tarehe yake. Usipoendelea misimu miwili ya mvua ikapita, ziba. Ukifika upana wa milimita 5, au mlango ukaanza kugoma kufunga, mwite mhandisi kabla ya fundi.

Mpangaji ana miezi mitatu hajalipa na mkataba wake umeisha. Nikibadilisha kufuli akiwa kazini nitakuwa nimekosea? Wenzangu wananiambia ning'oe mlango. (Ipagala)

Utakuwa umekosea, kaka, na unaweza kuishia wewe kuwa mdaiwa. Kung'oa mlango au bati, kukata umeme na maji, kumfungia nje, kushika televisheni yake, yote hayo yanampa mpangaji kesi dhidi yako hata kama deni lake ni la kweli. Akisema ndani kulikuwa na fedha zimepotea, wewe ndiye uliyeingia. Hasira yako tunaielewa, kwa kuwa kodi hiyo ndiyo chakula cha watoto. Lakini njia ya sheria ipo, na ukiianza mapema inafika.

Anza na barua ya madai. Iseme kiasi, miezi inayodaiwa, na tarehe ya mwisho. Kama anatakiwa kuhama iseme hivyo, na muda usipungue kipindi anacholipia: anayelipa kwa mwezi apewe angalau mwezi kamili. Nakala mbili, asaini moja. Akikataa kusaini, mpe mbele ya mjumbe, na mjumbe aandike kwamba amepewa. Ujumbe wa simu uutume pia na usiufute.

Kuanzia hapo kuwa mwangalifu na fedha. Ukiendelea kupokea kodi kimyakimya baada ya mkataba kuisha, unampa hoja ya kusema umemruhusu kuendelea. Akitoa chochote, risiti iandike "malipo ya deni la miezi fulani".

Hatua inayofuata ni ofisi ya serikali ya mtaa. Huko wengi hupatana, na mapatano yaandikwe: anahama tarehe ngapi, analipa kiasi gani kila mwezi, mdhamini wake ni nani. Ikishindikana, nenda Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi tena hukumu, linasuluhisha tu, lakini huwezi kuliruka: Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linataka uthibitisho kwamba usuluhishi umeshindikana. Baraza la Kata lina siku 30 za kusuluhisha. Baada ya hapo unafungua shauri Baraza la Wilaya, na ukishinda anayemtoa mpangaji ni dalali aliyeagizwa na baraza. Si wewe na vijana wa mtaani.

Mkataba uwe umelipiwa ushuru wa stempu TRA, ambao ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, ndani ya siku 30 tangu kusainiwa. Kodi ya mwaka ikiwa 1,800,000 ushuru ni 18,000. Wengi huona ni gharama ya bure hadi siku baraza linapokataa kupokea mkataba usio na stempu kama ushahidi, na kuulipia kwa kuchelewa kuna adhabu.

Maoni yetu kwako hasa: kama chumba ni cha 100,000 na mtu amepoteza kazi kweli, piga hesabu kabla ya kwenda mbali. Shauri linaweza kuchukua miezi, na kila mwezi ni 100,000 nyingine isiyoingia. Mara nyingi kumsamehe sehemu ya deni kwa sharti la kukabidhi funguo tarehe iliyoandikwa ni nafuu kwenu wote wawili. Anayeficha mshahara na kukukwepa ni mwingine, huyo mfuate hadi mwisho.

Nimepangisha wanafunzi vyumba sita, viwili viwili. Sasa wamelala wanne wanne na shimo la choo linajaa kila mara. (Ng'hong'hona)

Watu kumi na wawili wa ziada si wachache. Choo cha kuflashi hutumia lita 6 hadi 9 kila mara. Mtu akiflashi mara tano kwa siku ni kama lita 40 hivi. Kumi na wawili ni lita 480 kwa siku, zaidi ya lita 14,000 kwa mwezi, kabla ya maji ya kuoga na kufua. Shimo lililojengwa kwa watu kumi na wawili haliwezi kunyonya ya ishirini na wanne, na kwenye udongo wa mfinyanzi wakati wa masika halinyonyi hata kidogo. Wewe unaita gari la kunyonya, wao wanagawana kodi kwa wanne.

Usiwafukuze katikati ya muhula. Wana mitihani, na kosa la kutotaja idadi kwenye mkataba ni lako. Waite wote, hesabu majina, weka mchango wa maji na maji taka kwa kila kichwa kuanzia mwezi ujao. Mkataba wa muhula unaofuata utaje majina ya wanaolala, kikomo cha usiku wa mgeni, na kiasi kinachoongezeka kwa kila mtu wa ziada. Kila chumba kitoe nakala ya kitambulisho cha chuo na namba ya mzazi au mlezi. Peleka majina serikali ya mtaa pia.

Na uwe na tangi la kutosha. Watu 24 kwa lita 50 kila mmoja ni lita 1,200 kwa siku; mgao wa siku tatu unataka lita 3,600. Tangi la 1,000 linakauka siku ya kwanza, na wanafunzi wataacha vyoo katika hali ya kutisha.

Taasisi iliyopanga nyumba yangu kwa 800,000 imenilipa 720,000. Wameniibia? (Kisasa)

Hapana. Wamekata kodi ya zuio, asilimia 10, ambayo mpangaji wa namna hiyo anatakiwa kuizuia na kuipeleka TRA. Wadai cheti cha zuio kwa kila malipo. Bila hicho huna cha kuonyesha kwamba kodi yako imelipwa. Mkataba ujao useme wazi kama kiasi kilichotajwa ni kabla ya zuio au baada yake. Ukitaka 800,000 mkononi, tajeni 889,000.

Mpangaji wangu ni mtumishi, alilipa mwaka mzima 1,800,000. Baada ya miezi mitano amepata uhamisho, anataka fedha yake. Mkataba hausemi kitu na mimi fedha nimeshatumia. (Miyuji)

Amebakiza miezi saba, ambayo ni 1,050,000. Kuizuia yote huku unapangisha chumba kilekile kwa mtu mwingine ni kula kodi mara mbili, na hatukushauri hata kama mkataba uko kimya. Hakikubaliki pia yeye kuaga leo na kudai kesho.

Patana naye hivi kwa maandishi. Anatoa taarifa ya mwezi mmoja, na mwezi huo unahesabiwa kwake. Mnakagua nyumba pamoja: rangi iliyofifia kwa jua na sakafu iliyochakaa kwa kutembelewa ni juu yako, kioo kilichopasuka, kitasa kilichong'oka na ukuta uliotobolewa kwa ajili ya televisheni ni juu yake. Kinachobaki unakilipa mpangaji mpya akiingia, au ndani ya miezi miwili, lipi litangulie. Msaidie kumtafuta mpangaji huyo, naye akusaidie. Mtumishi anayehama ana wenzake ofisini wanaotafuta nyumba, na mkipatana hapo hakuna dalali wa kulipwa.

Kwenye mikataba mingine yote weka kifungu cha uhamisho, maana huu ni mji wa watumishi. Andika muda wa taarifa, namna ya kuhesabu miezi, siku za kurudisha fedha. Ambatisha orodha ya hali ya nyumba siku ya kuingia, chumba kwa chumba: idadi ya soketi, vitasa, funguo, vioo, namba iliyosomwa kwenye mita ya maji na ya umeme. Saini zenu wote wawili chini ya kila ukurasa, na picha za simu za kila ukuta siku hiyohiyo.